Karne Ishirini na Tano za Kuyalaumu Makohozi

Homa imeshuka, kichwa kimetulia, pua imezibuka, na nyumbani wameshaanza kumwambia mgonjwa kwamba sasa amepona. Lakini kooni kuna kitu kimeng'ang'ania. Alfajiri kinapanda kikiwa kizito, mchana kinamlazimisha kujikohoza kila anapotaka kusema, na usiku akilala chali kinamteremkia kooni na kumwamsha. Siku hizi za katikati, ambazo mtu si mgonjwa wala si mzima, zimewasumbua waganga tangu walipoanza kuandika. Wameziundia nadharia, wamezitafutia mizizi ng'ambo ya bahari, wamezitengenezea dawa zilizosaidia na nyingine zilizoua. Na karibu wote walianza na wazo moja, kwamba makohozi ni uchafu na kazi ya tabibu ni kuyatimua. Ilichukua muda mrefu mno kutambua kwamba yako upande wetu. Historia hiyo naisimulia kwa sababu wengi wetu, mafua yanapotushika, bado tunajitibu kwa imani zilizokanushwa zamani.

Wamisri ndio walioacha maandishi ya mapema. Gombo la mafunjo linaloitwa Ebers, la karibu mwaka 1550 KK, lina dawa za kikohozi ambazo bibi yeyote wa Tabora au Tanga angezielewa bila mkalimani, na asali imo. Imo pia njia ya kuvuta mvuke: dawa iliwekwa juu ya mawe yaliyopashwa moto, ikafunikwa kwa chungu kilichotobolewa, na mgonjwa akavuta mvuke kwa mrija wa tete. Miaka zaidi ya 3,500 imepita, na vitu hivyo viwili, asali na mvuke, bado ndivyo vya kwanza kutajwa mtu akikohoa.

Nadharia kamili ilitoka kwa Wayunani. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, mwishoni mwa karne ya 5 KK, mwili uliaminika kubeba majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Afya ilikuwa mizani kati yao. Balghamu ilihesabiwa kuwa ya baridi na yenye unyevu, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya kuonekana kwa macho: wakati wa baridi kali watu hutema na kupenga makamasi kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo baridi ndiyo inayoijaza mwilini. Hoja ilikuwa na mantiki. Kosa lake lilikuwa kuchukua dalili na kuifanya chanzo, na kosa hilo likadumu kwa miaka elfu mbili.

Hata hivyo, katika maandishi hayohayo kuna kipande kimoja ambacho kila nikikisoma kinanifanya nimheshimu aliyekiandika, yeyote aliyekuwa. Ni katika kitabu kinachojulikana kama Tiba ya Kale. Mwandishi anamtazama mtu mwenye mafua hatua kwa hatua. Mwanzoni, anasema, pua hutoa majimaji membamba na makali yanayochoma ngozi na kuifanya ivimbe. Baadaye majimaji hayo huwa mazito, ukali wake huisha, na joto la ugonjwa huisha pia. Aliliita badiliko hilo kuiva, kana kwamba mwili umeyapika. Maelezo yake hayakuwa sahihi, maana hakuna kitu kinachopikwa puani. Lakini alichokiona kilikuwa kweli, na kina faraja kwa mgonjwa wa leo: makohozi mazito yanayokuja siku ya tano au ya saba si ugonjwa mpya ulioingia kifuani. Mara nyingi ni ugonjwa uleule ukiwa njiani kuondoka. Mgonjwa anayekimbilia dukani kwa sababu “sasa yamekuwa mazito” angepata utulivu kama angesoma kurasa mbili za tabibu huyo asiyejulikana jina.

Waliofuata hawakudumisha uangalifu huo. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyewahudumia makaisari wa Roma, alifundisha kwamba ubongo hutoa taka zake na kuzimwaga kupitia mfupa wenye matundu ulio juu ya pua, kisha taka hizo hushuka kooni na kifuani. Mafua, kwa maelezo hayo, yalikuwa mvujo wa ubongo. Fikiria matokeo yake kwa mgonjwa. Kama kichwa kinavuja, basi kikaushwe, kipigishwe chafya, tumbo liharishwe, mtu atapishwe, na akizidiwa atolewe damu. Mtu aliyekuwa karibu kupona baada ya mafua ya kawaida angeweza kudhoofishwa na tiba kuliko na maradhi yenyewe. India nako matabibu wa Ayurveda walikuwa na kafa, nguvu ya mwili inayofanana sana na balghamu, na ni kutoka huko tulikopata desturi ya kuosha pua kwa maji ya chumvi. Desturi hiyo ni ya upole, na imethibitika kuwa na manufaa kiasi hata katika uchunguzi wa kisasa.

Elimu ya Wayunani ilipotafsiriwa Baghdad ikawa ya Kiarabu, na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu hawakuishia kuinakili. Al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika risala fupi kueleza kwa nini mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi alikuwa akishikwa na mafua kila majira ya waridi yanapofika. Alikuwa ameona jambo tunaloliita leo mzio: pua inayochuruzika bila maambukizi. Kutenganisha mafua na mafua ilikuwa hatua kubwa. Ibn Sina, mzaliwa wa viunga vya Bukhara, alikusanya tiba yote ya zama zake katika Al-Qanun fi al-Tibb, aliyoikamilisha karibu mwaka 1025. Ilipotafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, ikawa kitabu cha kusomeshea matabibu Ulaya kwa karne kadhaa. Katika karne hiyohiyo ya 12, Musa ibn Maymun, Myahudi wa Cordoba aliyeishi Misri na kuhudumia jamaa ya Salahuddin, aliandika kitabu juu ya pumu ambamo supu ya kuku inasifiwa. Supu hiyo haijawahi kuondoka mezani mwa wagonjwa tangu wakati huo. Ina maji, ina joto, ina chumvi, na humezwa na mtu asiye na hamu ya chakula. Sioni haja ya kuitafutia sababu nyingine.

Mawazo hayo yalifika pwani yetu pamoja na vitabu, biashara na ndoa, kutoka Uarabuni na Gujarat, yakakutana na elimu ya miti na mizizi iliyokuwapo. Mpaka leo, Lamu, Mombasa na Unguja, utawakuta wazee wakigawanya vyakula kuwa vya baridi na vya joto, na mwenye kifua kilichojaa akinyimwa vya baridi na kupewa tangawizi, pilipili manga na mdalasini. Ni mizani ileile ya kale, imehifadhiwa jikoni karne nyingi baada ya hospitali kuiacha. Bara nako palikuwa na nyungu: chungu cha majani yaliyochemshwa, mgonjwa akiinama juu yake akiwa amejifunika shuka. Wengi hutia majani ya mkaratusi, na ni vizuri kukumbuka kwamba mti huo si wa kwetu. Asili yake ni Australia, ambako Joseph Bosisto alianza kukamua mafuta yake kwa biashara katika miaka ya 1850, na ulipandwa kwa wingi Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, kwa ajili ya kuni na mbao. Desturi ya kale ilipokea jani geni na kulifanya lake.

Fundisho la ubongo unaovuja lilivunjwa na mtu ambaye wengi hawamkumbuki. Conrad Victor Schneider, profesa wa Wittenberg, alichapisha kati ya mwaka 1660 na 1664 vitabu kadhaa juu ya mafua, akionyesha kwamba hakuna njia ya majimaji kutoka kwenye ubongo kwenda puani, na kwamba makamasi hutengenezwa na utando unaoifunika pua kwa ndani. Muda mfupi baadaye Richard Lower wa Uingereza alifikia hitimisho hilohilo kwa majaribio. Miaka elfu na mia tano ya mafundisho ya Galen ikaporomoka. Lakini swali likabaki: kama mwili wenyewe ndio unaoyatengeneza, unayatengeneza kwa faida gani?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1834, mjini Breslau, pale Jan Purkyně na Gabriel Valentin walipoona kwa hadubini kwamba seli za utando wa mnyama zina vinyweleo vidogo mno vinavyotikisika bila kukoma. Leo tunajua kwamba karibu njia yote ya hewa, kuanzia puani hadi kwenye matawi madogo ya mapafu, imefunikwa na vinyweleo hivyo. Seli moja hubeba takriban 200, na kila kimoja hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde, vyote vikielekea upande mmoja. Juu yake umetandazwa ute mwembamba ambao zaidi ya asilimia 95 yake ni maji, na kilichobaki ni chumvi, protini za kuua vijidudu na nyuzi ndefu zinazoufanya unate. Vumbi, moshi, bakteria na virusi hunaswa hapo, kisha vinyweleo huusukuma ute huo milimita kadhaa kwa dakika mpaka nyuma ya koo, nasi tunaumeza bila kujua. Ni ufagio unaofagia usiku na mchana, tumelala au tuko macho. Tumbo lina asidi ya kutosha kumaliza kilichobaki, na ndiyo maana hofu ya wazazi kwamba mtoto aliyemeza makohozi amejirudishia ugonjwa haina msingi.

Hapa ndipo siku zile za katikati zinapopata maelezo. Mwaka 1914 Walther Kruse wa Leipzig alichukua makamasi ya mgonjwa wa mafua, akayachuja kwa kichujio kisichopitisha bakteria, akayatia kwenye pua za watu wazima wa afya, na baadhi yao wakaugua. Kisababishi kilikuwa kidogo kuliko bakteria. Virusi vya kundi la rhino, ambavyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya mafua, vilipatikana maabara mwaka 1956. Vinapoingia, virusi vya mafua huvuruga utando huo, vinyweleo vingi hupotea au hupoteza mpangilio, na mwili huongeza ute kufidia. Virusi huondoka baada ya siku chache. Vinyweleo vyenyewe huhitaji wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Katika kipindi hicho ute ni mwingi na vinyweleo vya kuusukuma havitoshi, hivyo kikohozi huchukua kazi ambayo kwa kawaida hufanyika kimyakimya. Mishipa ya fahamu ya koo nayo hubaki na wepesi wa kushtuka, hata hewa baridi au kicheko huanzisha kikohozi upya. Mgonjwa anayelalamika kwamba “mafua yamegoma kuondoka” kwa kawaida anaishi katikati ya matengenezo.

Inasikitisha kwamba elimu hii haikuwafikia wauza dawa. Wao waliendelea na vita vya zamani dhidi ya makohozi. Kutoka Brazil ilikuja ipekakuana, mzizi wa kutapisha ambao Jean-Adrien Helvétius aliupatia umaarufu katika jumba la Mfalme Louis XIV, na ambao kwa kiasi kidogo uliaminika kulegeza makohozi. Thomas Dover, tabibu Mwingereza aliyewahi pia kuwa nahodha wa meli za kupora, aliuchanganya na afyuni, na unga wake uliotangazwa mwaka 1732 ukatumika kwa karibu miaka mia mbili. Afyuni ilituliza kikohozi kweli, lakini iliyaacha makohozi yalipo. Mwaka 1832 Pierre Robiquet alitenga kodini kutoka kwenye afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza dawa mpya ya kikohozi iliyoipa jina la Heroin. Ilitangazwa kwa madaktari na kupewa wagonjwa wa kifua, na miaka mingi ilipita kabla ya ulimwengu kukiri ilichokifanya.

Sehemu hii ya historia haijaisha, na ndiyo inayonigusa kuliko nyingine. Mwaka 2018 Nigeria ilipiga marufuku uingizaji na utengenezaji wa dawa za maji za kikohozi zenye kodini, baada ya kudhihirika jinsi vijana walivyokuwa wakizinywa kwa chupa kutafuta ulevi. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70, wengi wao wadogo sana, walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na sumu za viwandani, zile zinazotumika kwenye vipoza injini. Watoto wale walikuwa na homa na kikohozi, maradhi ambayo wengi wangepona bila chupa yoyote. Mzazi aliyetoa fedha zake alikuwa akitimiza wajibu wake kama alivyofundishwa: mtoto akikohoa, anunuliwe dawa. Ningependa kila famasi ya Afrika Mashariki ibandike ukutani kwamba mafua ya kawaida hayana dawa ya maji inayoyaponya, na kwamba kwa mtoto mdogo hatari ya chupa inaweza kuzidi hatari ya kikohozi.

Kuna dawa za njia nyingine, zinazolenga kuyafanya makohozi yawe mepesi badala ya kukizima kikohozi. Gwaifenesini inatokana na mti wa guaiac wa visiwa vya Karibi, ambao mbao zake zilipelekwa Ulaya tangu karne ya 16. Bromheksini, iliyomo katika dawa nyingi zinazouzwa kwetu, iliundwa miaka ya 1960 kwa kufuata kemikali ya mmea wa Kihindi uliotumiwa na matabibu wa Ayurveda kwa kifua. Nasema bila chuki kwamba ushahidi wa dawa hizi kwa mtu anayetoka kwenye mafua ni hafifu. Zinawasaidia zaidi wenye maradhi ya kudumu ya mapafu. Kwa wengine, maji ya kunywa ya kutosha yanafanya kazi inayokaribia sana.

Kuhusu mvuke, ni lazima tuseme ukweli mzima. John Mudge wa Plymouth alitengeneza kikombe cha kuvutia mvuke mwaka 1778, na tangu hapo Ulaya haikuacha kuvuta. Lunsford Richardson, mfamasia wa North Carolina, alitengeneza mafuta ya kupaka kifuani yaliyojulikana kama Vicks VapoRub, na homa kubwa ya mwaka 1918 ikayasambaza kila nyumba. Mentoli iliyomo huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, hivyo mtu huona pua imefunguka. Vipimo vilivyofanywa Cardiff vilionyesha kwamba upana wa njia ya hewa haukubadilika. Nafuu ni ya hisia, na nafuu ya hisia usiku wa manane si jambo dogo, mradi isiitwe tiba. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, kujifukiza kulitoka uani na kuingia kwenye hotuba za viongozi wa Tanzania, na wengine waliamini nyungu inaua virusi. Haiui. Inalainisha koo lililokauka, inalegeza makamasi kwa muda, na inamtuliza mtu. Watoto wasisogezwe karibu na chungu hicho. Maji yaliyochemka yamewaunguza wengi.

Asali imepata hukumu nzuri zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania waliwagawa watoto 105 wenye kikohozi cha usiku katika makundi, na waliopewa asali kabla ya kulala walilala vizuri kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Uchunguzi mwingine umefuata na kuelekea huko. Mfugaji nyuki wa Sikonge au Kibondo hakuhitaji kungoja jarida la kisayansi, lakini kuna jambo moja ambalo sayansi ndiyo iliyoliongeza: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoleta botulizimu, ugonjwa wa kupooza. Ushauri mwingine wa nyumbani unaostahili kubaki ni kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kuinua mto wakati wa kulala, na kukaa mbali na moshi. Hili la mwisho ni zito kwetu. Moshi wa sigara, wa kuni na wa mkaa unalemaza vinyweleo vilevile vinavyojaribu kuota upya, na mama anayepikia ndani ya jiko lisilo na dirisha anaweza kubaki na makohozi miezi kadhaa akidhani bado ni mafua.

Maziwa, kwa upande wake, yalihukumiwa bila ushahidi. Wazo kwamba yanaongeza makohozi ni la karne nyingi, na wagonjwa wengi huyaacha pale wanapohitaji lishe. Huko Adelaide, Australia, watafiti waliwaambukiza mafua kwa makusudi watu 60 waliojitolea, wakaandika kiasi cha maziwa walichokunywa, na wakapima uzito wa makamasi yao siku baada ya siku. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1990, hayakuonyesha uhusiano wowote. Walioamini kwamba maziwa huleta makohozi walilalamika zaidi, lakini makamasi yao hayakuzidi ya wengine. Njia hiyo ya kupima ilikuwa imezoeleka Salisbury, Uingereza, ambako kati ya mwaka 1946 na 1990 kituo maalumu cha mafua kiliwapokea maelfu ya watu waliokubali kutiwa virusi puani na kukaa siku kadhaa wakihesabiwa leso. Kituo hicho hakikuwahi kupata tiba ya mafua. Lakini mengi tunayoyajua kwa uhakika juu ya ugonjwa huu yametoka kwa watu hao, na ninawashukuru.

Rangi nayo imeleta gharama kubwa. Makohozi yakiwa ya kijani, mtu huenda kununua amoksilini, mara nyingi bila cheti cha daktari. Mwaka 1941 Kjell Agner wa Uswidi alitenga kutoka kwenye seli nyeupe za damu kimeng'enya chenye rangi ya kijani, ambacho seli hizo hukitumia kuulia vijidudu. Kijani kinachoonekana kwenye leso ni rangi ya askari wetu wenyewe waliokufa vitani, na hutokea mbele ya virusi kama inavyotokea mbele ya bakteria. Kwa mtu ambaye homa imeshuka na hali inaimarika, rangi peke yake si sababu ya kumeza antibayotiki. Kila dozi isiyohitajika inawafunza bakteria kuzishinda dawa ambazo mtoto wa jirani atazihitaji kwa nimonia ya kweli.

Lakini kuna makohozi ambayo hayapaswi kungojewa yaishe yenyewe. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Makohozi yaligeuka ghafla kutoka taka hadi kuwa njia ya maambukizi. New York ilizuia kutema mate hadharani mwaka 1896, na Peter Dettweiler, tabibu wa wagonjwa wa kifua Ujerumani, aliwatengenezea wagonjwa wake chupa ya buluu ya mfukoni ya kutemea. Kwetu, hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa hao, wakati ambapo hapakuwa na dawa zaidi ya hewa safi, chakula na kupumzika.

Nusu karne baadaye Tanzania ilifanya jambo ambalo watu wachache wanalijua, na linalostahili kufundishwa katika kila shule ya nchi hii. Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Czechoslovakia mwaka 1921, aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita, akapona, na akayatoa maisha yake kwa ugonjwa huo. Kuanzia mwaka 1977 alishirikiana na Wizara ya Afya ya Tanzania kujenga mpango wa taifa uliosimama juu ya kitu rahisi: makohozi ya mgonjwa yachunguzwe kwa hadubini katika hospitali ya wilaya, dawa zipatikane bila kukatika, mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, na kila matokeo yaandikwe kwenye daftari. Watu wengi walikuwa wameamini kwamba nchi maskini haiwezi. Tanzania ilionyesha kwamba inaweza, na katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaufanya utaratibu huo kuwa mwongozo wa dunia nzima. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa sampuli za makohozi, na sampuli wanazozitilia shaka hurudiwa maabara. Kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa waliokuwa wamepitwa na hadubini.

Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye mafua anakabiliwa na tarakimu mbili zinazogongana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walionyesha mwaka 2013 kwamba kikohozi baada ya mafua hudumu kwa wastani karibu siku 18, ilhali watu waliohojiwa walitarajia kiishe ndani ya siku 7 hadi 9. Kwa upande mwingine, mwongozo wa kifua kikuu kwetu unasema anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe, na anayeishi na virusi vya UKIMWI apimwe hata kama kikohozi ni cha siku chache. Maana yake ni kwamba wengi watakaofika zahanati wakiwa na kikohozi cha wiki ya tatu hawatakutwa na kifua kikuu. Hiyo si sababu ya kubaki nyumbani. Damu kwenye makohozi, jasho jingi la usiku, kupungua uzito, homa inayorudi baada ya kushuka au pumzi kuwa fupi ni sababu za kwenda mara moja, bila kuhesabu siku. Huko atapewa kopo lenye mfuniko. Atatoka nje palipo na upepo, mbali na watu, atasukutua kinywa kwa maji, atavuta pumzi kwa kina mara mbili au tatu, kisha atakohoa kutoka chini kifuani, kwa kuwa mate ya mdomoni hayafai kwa kipimo. Sampuli ya asubuhi, kabla ya kula, ndiyo maabara inayoipendelea, maana ina kila kilichokusanywa na njia ya hewa usiku kucha.